Dawati la Nyuma

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, salaam. Mnivumilie, sijazoea kusimama mbele za watu. Wengi humu tuna kifafa au tunalea wenye kifafa, kwa hiyo sina haja ya kueleza kinavyomwangusha mtu. Nitasema kinachofuata ukishazinduka.

Nimelelewa Mchinga na bibi yangu. Mara ya kwanza nilianguka nikiwa darasa la nne, asubuhi, tukiwa mstarini. Nilipofumbua macho nilikuwa mchangani, nimejikojolea, na wenzangu wote wamesogea hadi ukutani. Walikuwa wameambiwa povu linaambukiza.

Kuanzia hapo nikakaa dawati la nyuma, peke yangu. Wenzangu wakibanana wanne wanne, mimi nafasi tele. Ndugu zangu, nawaambia, njaa naijua, lakini kukosa hata mtu wa kukuuliza "umeelewa hesabu?" ni njaa nyingine. Wakati wa mapumziko nilikuwa nafagia darasa lililokwisha kufagiliwa, ili nionekane nina kazi.

Kisha wazazi wakataka mkutano. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha, nasikia yote. Baba mmoja akasema, "Huyu mtoto abaki kwao. Tupige kura. Wengi wape."

Mikono ikaanza kupanda.

Mwalimu mkuu, mama mpole asiyepaza sauti, akasema, "Shusheni mikono. Kura tunapiga kuchagua kamati. Haki ya mtoto kusoma haipigiwi kura. Mawe ya shule hii mlisomba wote, na bibi yake alisomba. Leo mkimtoa huyu kwa kuwa yuko peke yake, kesho zamu ya nani?"

"Na wetu wakiambukizwa?"

"Mimi ndiye ninayemshika akianguka. Niangalieni. Nina nini?"

Bibi yangu akainuka. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Ndiyo maana namleta." Akaketi.

Nikabaki shuleni. Lakini nisiwadanganye: kesho yake dawati lilikuwa lilelile. Mwalimu mkuu alitupeleka hospitali Lindi, nikaanza dawa, kuanguka kukapungua. Upweke ukabaki. Mkutano unaweza kukurudishia nafasi yako darasani, jamani, rafiki hauwezi kukupa.

Nilikuwa darasa la sita msichana mmoja alipokuja nyuma, akaweka mfuko wake juu ya dawati langu.

"Sogea," akasema.

Nikamuuliza, "Kwani hukukatazwa?"

"Nimekatazwa." Akafungua kitabu.

Siku ile sikusikia alichofundisha mwalimu. Nilikuwa nasikiliza mtu akipumua pembeni yangu.

Nilimaliza shule. Leo nashona nguo Rasbura, na risiti za wateja naziandika mwenyewe. Wapo wanaoweka kitambaa mezani ili wasiniguse mkono. Naumia bado, lakini siondoki.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bibi, Mungu amrehemu. Namshukuru mwalimu yule aliyekataa wengi wanimeze, na msichana yule, popote alipo. Nanyi nawashukuru kwa kunisikiliza bila kusogeza viti.

Nawaachia hili. Shule ya umma ni yetu sote, hata ya yule asiyetakiwa na mtu. Msiwafiche watoto wenu ndani, wapelekeni. Na wewe ambaye mwanao ni mzima, jioni usimuulize amepata alama ngapi tu. Muulize nani leo amekaa peke yake. Akikutajia jina, mwambie kesho akakae hapo.