Kiatu Kimoja cha Modesta

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mlipo, mjini na mwaloni kwa wavuvi. Leo tunamkumbuka Mama Modesta Kokulinda, muuza ndizi wa Mkolani. Amezikwa juzi. Amezikwa akiitwa mwizi.

Modesta hakuwa mwizi. Nisikilizeni vizuri.

Machi mwaka jana aliokota bahasha kando ya meza yake ya ndizi. Ndani kulikuwa na hela nyingi, na viatu vya mtoto mchanga. Binti yake, Noela, anakumbuka alivyomwambia, "Mama, hiyo bahati yetu." Mama akamkata jicho. "Bahati gani yenye viatu vya mtoto wa mwenzako?"

Akafunga biashara, akaileta bahasha hapa redioni, akaikabidhi mapokezi itangazwe. Tangazo alililipia mwenyewe. Kiatu kimoja akabaki nacho, kwa ujanja wake: atakayetaja viatu ndiye mwenye hela.

Siku tatu alitega sikio kwenye kiredio chake. Tangazo halikusomwa. Ya nne akaja Mayala, mfugaji aliyeuza ng'ombe wawili ili mkewe akafanyiwe upasuaji wa uzazi. Kuna mtu alimwona Modesta akiokota, akamwelekeza kwake.

"Shikamoo mama. Naomba bahasha yangu."

"Marahaba baba. Ndani yake mlikuwa na nini kingine?"

"Viatu vya mtoto."

Modesta alifurahi jamani! Akamtolea kile kiatu, wakaja wote redioni kuchukua hela. Mwenzetu wa mapokezi akamtazama mama wa watu usoni, akasema, "Huyu simjui."

Basi kiatu kikawa ushahidi. Mkolani nzima ikasema kiatu anacho, hela kala. Ndizi zake zikaozea mezani. Noela akamsihi alipe kidogo kidogo, yaishe.

"Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba niliiba," akasema. "Waliomwona yule wa mapokezi akipokea wapo. Watasema."

Alisubiri zaidi ya mwaka, mpaka moyo wake ukachoka, akafariki.

Tulikuwepo, wasikilizaji. Mmoja ni mimi. Nilikuwa mapokezi nakunywa chai, nikamwona akikabidhi bahasha. Alipokanwa nilikuwa palepale, nikainamia kikombe changu. Niliogopa kumuumbua mwenzangu. Leo asubuhi nimeandika maelezo yangu polisi, na yeye anayajua.

Noela, pole sana. Mayala, pole, na unisamehe. Nanyi mlio nyumbani, jiulizeni: ukiona hela ya mtu imeingia mkono usio wake, utasema siku hiyo hiyo, au utangoja msiba? Mimi nilingoja msiba.

Sasa nasoma tangazo alilolilipia.

"Imeokotwa bahasha pale Mkolani. Mwenyewe afike redioni, ataje vilivyomo. Aliyeiokota ni Modesta, muuza ndizi. Hadai chochote."