Tangazo Lililovunja Rekodi

Ndani ya basi, fundi viatu alijifanya amesinzia, kumbe masikio kayatega kiti cha mbele. Jamaa mwenye kitambulisho cha idara ya maji shingoni alikuwa akimsimulia mama aliyepakata dumu tupu. “Tangazo letu la bomba kupasuka limepata maoni mengi kuliko matangazo yetu yote mtandaoni. Bosi kafurahi kweli!”

“Mengine ni yangu, mwanangu. Niliwatukana hasa.”

“Hata matusi tunayahesabu, mama. Tunaita ushiriki wa wananchi.”

“Na bomba je?”

“Hilo ni la kitengo kingine.”

Basi likasimama. Mama akashuka na dumu lake bila kuaga. “Usiache kutuandikia!” jamaa akamwitia dirishani.

Fundi viatu akatoa simu taratibu, akaanza kufuta matusi yake mwenyewe chini ya tangazo lile.