Drafti ya Kugeuza

Benchi la Githongo, lile la mbao tatu mbele ya duka la mbolea, halikuwa na nafasi tangu Jumatatu, na Ruguru, muuza kahawa, alikuwa amechoka kuruka miguu ya wanaume na birika la moto mkononi. Kahawa aliikaanga mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ilitoka shamba la nani. Kiogora, waliyemwita Kingi kwa kuwa miaka tisa hajashindwa drafti, alikuwa anachuana tangu siku hiyo na Elphas, fundi wa mbao waliyemwita Injinia kwa kuharibu vitu vizima. Ambaye angeshinda ndiye angeteremka Mitunguu siku ya soko kucheza na bingwa wao, na mbuzi wa mshindi alikuwa ameshafungwa huko. Taabu ni kwamba Elphas aliikataa drafti ya zamani. Katika yake, waliyokuwa wakiicheza sasa, kifuniko cha soda kikiliwa hakitoki ubaoni. Kinageuzwa tumbo juu, kinakuwa cha aliyekila.

— Hii si drafti, alisema Kiogora. Kwa drafti, aliyeliwa ameliwa. Anaenda mfukoni, tunamsahau.

— Hayo ni mazishi, Kingi. Yangu ni ubatizo, alijibu Elphas. Anazama wako, anaibuka wangu.

— Wacheni niwaelezee, alidakia Mutugi, ambaye wote walimwita Redio. Hii ni mambo ya vyama vingi. Siku hizi mbunge haliwi, anahama tu.

— Na kurudi? alifoka Kiogora. Huyu hapa nimemla mara sita tangu asubuhi!

— Saba, alisema Ruguru akimimina. Anatoka na kurudi kama mume wa Wambeti.

Benchi zima likatikisika kwa kicheko.

— Sikizeni, baite, jamaa zangu, Mutugi alipamba moto. Wazungu wangepigana vita vyao hivi, wangegeuzana makoti tu. Hakuna mjane hata mmoja!

— Kwani ni vita pekee? Elphas alisimama. Mdudu wa kahawa tunampigia dawa ya nini? Tumgeuze, atuchumie!

— Na gunia atabeba kwa kichwa kipi, Injinia? alisema Ruguru. Kaa chini, unamwaga kahawa.

Kiogora peke yake hakucheka. Miaka tisa watu wa Githongo walimsalimia kabla ya kumsalimia chifu, na Ruguru aliona jinsi kidole chake kilivyosita juu ya kifuniko. Akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

Hapo ndipo alipotokea Nelius, muuza ndizi wa Mitunguu, mkungu begani, jasho likimtiririka.

— Jana sokoni tulingoja mpaka jua likazama, alisema. Mbuzi tukamla wenyewe. Kwani bingwa wenu ni nani?

Elphas alimtazama Kiogora. Kiogora alitazama ubao: vifuniko ishirini na vinne, vyote vya Jumatatu, hakuna kilichopungua.

— Keti hapa, Nelius, alisema akimsogezea nafasi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka. Ruguru, mpe kikombe. Tunakaribia kujua.