Pumzi Niliyomficha Baba Watoto

Wamama wenzangu, asanteni kwa kiti, lakini wacha nisimame. Kuna mwaka nisingeweza kusema maneno haya yote nikiwa wima, kwa hivyo leo mnivumilie nijidai kidogo.

Ni miaka michache tu iliyopita, Uhuru ukiwa na miaka kumi hivi. Mzee wangu alikuwa seremala, akienda kazini Kibera asubuhi na kurudi jioni. Mimi nilikuwa hapa Kawangware na watoto wawili, na kila asubuhi nilipandisha debe la maji kutoka mfereji wa chini hadi ploti yetu, zile nyumba za kupanga kule juu. Halafu pumzi ikaanza kukatika katikati ya mlima. Nikapata ujanja. Ikikatika, natua debe na kumsalimia yeyote aliye karibu. "Habari ya kwako? Watoto wazima? Na yule mdogo, ameacha kukohoa?" Akimaliza kujibu, nimeshapumua. Ndugu zangu, nawaambia, nilisifiwa! Watu walisema yule mama ni mpole, hampiti mtu bila salamu. Kumbe mwenzenu anatafuta hewa.

Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa. Lakini nilikuwa na sababu ya kuficha. Niliwajua wanawake wa kwetu Magharibi waliougua hapa Nairobi, wakapandishwa basi warudi kwa mama mkwe, ati wapumzike. Hakuna aliyerudi akakuta nyumba yake vile alivyoiacha. Niliogopa kumpoteza bwana na watoto kuliko kufa, huo ndio ukweli. Nikishindwa kulala chali, nasema ni mgongo, naongeza mto mwingine. Miguu ikivimba, nasema ni viatu.

Zahanati nilienda mara mbili. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima, na zamu yangu ikifika nimeshapumzika, naingia kama mtu mwenye afya kabisa. "Una nini, mama?" "Kikohozi tu." Napewa dawa ya kikohozi. Daktari angejuaje?

Aliyenishika ni mama mwenye ploti, Mkikuyu mmoja mkali mpaka kuku walimwogopa. Siku moja nilimkuta langoni, nikaanza habari zangu.

"Wewe, si umenisalimia sasa hivi pale chini?" akasema. "Salamu ya pili ni ya nini?"

Nikabaki nahema. Akanitua debe mwenyewe, akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifuta jasho. "Dada yangu alipumua hivyo hivyo," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Tukasema azae kwanza, ndipo tumpeleke. Tulimzika na mtoto wake." Woi, nililia siku hiyo.

Kesho yake tulienda zahanati pamoja. Zamu yangu ilipokaribia, akaniinua kwenye benchi. "Twende tuzunguke." Akanizungusha lile jengo mara mbili, mimi nikimlaani moyoni, halafu akanisukuma ndani nikihema. "Sasa msikilize huyu!"

Daktari akaweka chombo chake kifuani pangu, akasikiliza. Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba. Nikasema ndiyo, mama aliniambia ni mifupa inakua. Akaandika barua. "Hii si kazi yangu tena. Muone daktari wa moyo wiki hii. Usingoje uzidiwe."

Barua ile nilimpa mzee wangu kwa mikono miwili, nikangoja aseme habari ya basi. Aliisoma, akaketi kitandani. "Kwa hivyo hii mito yote..." Akaigusa mmoja mmoja. Baadaye akasema, "Mimi napima mbao kutwa nzima, na sikuona kitanda changu mwenyewe kimeinuka." Kesho yake hakwenda Kibera. Alinipeleka hospitali kuu.

Daktari wa moyo alisema mlango mmoja ndani ya moyo umeshikana na damu inapita kwa shida. Mimba nyingine kabla haujafunguliwa ingeweza kuniua. Nilifanyiwa operesheni. Nilipoamka nilimkuta mzee wangu ameshika kidole cha mguu wangu, maana mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Nawashukuru mlionilelea watoto miezi ile. Mama mwenye ploti nimemshukuru mara nyingi, naye hunifukuza. Na ninyi mnaonisikia, kama kazi uliyoifanya mwaka jana leo inakumaliza pumzi, kama unalala umeketi, kama miguu inavimba au unazimia, usiende kusema kikohozi. Mwambie daktari vitu ulivyoacha kufanya kwa kukosa pumzi. Omba usikilizwe moyo, na akisema uende kwa mkubwa wake, nenda wiki hiyo hiyo.

Jambo la mwisho. Nikiwa bado wodini, daktari aliniambia kwamba ugonjwa ule wa koo la utotoni ndio ulioharibu moyo wangu, akaniuliza kuhusu watoto, nami nikakumbuka kwamba msichana wangu alikuwa ameumwa koo, akalalamika magoti, nikamwambia, "Nyamaza, unakua." Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo. Akaletwa, akasikilizwa. Moyo wake ulikuwa umeguswa, lakini kidogo, kwa sababu hatukuchelewa. Anadungwa sindano kila mwezi ili koo lisimrudie na kuumiza moyo, na kesho ni siku yake. Atalia mpaka mlangoni mwa zahanati, mimi nitalia nje nikimngoja, halafu atatoka akimbilie shuleni, na nitasimama pale nimtazame akikimbia.