Nicandro Olvera Pineda, Mpiga Ngoma wa Tolvanera (1968–2025)

Marehemu Nicandro alizaliwa tarehe 10 Novemba 1968 hapa Nezahualcóyotl, mtoto wa pili wa marehemu don Aurelio Olvera na doña Herlinda Pineda. Mama yake anasema alitembea kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo hakukaa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, huku akihamishwa kiti kila mara kwa sababu ya kupiga dawati. Sekondari ilimshinda mwaka wa kwanza.

Mwaka 1985 yeye, kaka yake Fermín mpiga gitaa na mdogo wao Eloísa mwimbaji walianzisha bendi ya roki, wakaiita Tolvanera, kama lile vumbi lililotufunika sote mtaani. Hawakuhesabu kabla ya kuanza wimbo. Walivuta pumzi pamoja, basi. Mwaka 1997 huko Puebla, Nicandro aliruka ubeti mzima akaingia kwenye kiitikio, na nduguze wakaruka naye bila kujua. Mpiga kinanda wa kukodi akabaki peke yake.

“Ulikuwa wapi wewe?” Fermín akamfokea.

“Kwenye wimbo!” akajibu mpiga kinanda. “Nyie watatu ndio mmepotea.”

“Sisi hatupotei, compadre,” Nicandro akasema. “Tumehama.”

Alifunga ndoa na Maricela Tapia tarehe 8 Novemba 1994, siku ya Jumanne, maana kila mwisho wa wiki bendi ilikuwa barabarani. Keki ililiwa ndani ya basi la bendi.

Mwaka 2019 ilianza mikono, ugonjwa wa kutetemeka. Hakuogopa kufa. Aliogopa basi liondoke yeye akiwa dirishani nyumbani. Mwandaaji mmoja wa maonyesho alipotaja kijana wa kumpokea vijiti, Eloísa alimjibu, “Kaka yangu akichelewa, wimbo umechelewa.” Wakawa wanapiga polepole, wakimfuata.

Tarehe 16 Novemba 2024, huko Pachuca, vijiti vilimtoka mikononi. Eloísa akanyamaza katikati ya neno. Fermín akashika nyuzi.

“Endeleeni, nyie!”

“Tunakungoja wewe, bonge,” Fermín akamjibu.

“Msiningoje!”

Hawakupiga. Basi akapiga ngoma ya chini kwa mguu, kwa hasira, nao wakaingia. Wimbo ukaisha kwa mguu huo mmoja.

Nimonia ilimlaza mwezi Machi 2025. Jumamosi ya tarehe 22 walikuwa na onyesho Querétaro. Mchana akazinduka, akawakuta nduguze wote wawili kando ya kitanda chake, akakasirika.

“Si mnatakiwa barabarani? Mnafanya nini hapa?”

“Tumekuja kukuchukua,” akasema Eloísa.

Alimtazama, akamtazama Fermín. Kisha akamwambia binti yake amvishe viatu. Akavishwa, kamba zikafungwa vizuri. Saa kumi na moja jioni alifariki, akiwa navyo miguuni. Hatukumvua.

Ameacha mama yake doña Herlinda, mjane Maricela, binti yake Yesenia, mjukuu Iker wa miezi minane, kaka yake Fermín na mdogo wake Eloísa.

Mungu ampumzishe kwa amani, na amvumilie siku za mwanzo, maana kutulia hakukuzoea.