Herufi Nene za Zéphirin Kasonde

Wazee wetu, Padri, majirani na ninyi nyote mliokesha nasi, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Zéphirin Kasonde, mchonga herufi, kabla jeneza halijafungwa.

Alizaliwa Sakania tarehe 12 Machi 1908, mtoto wa pili wa mfanyakazi wa reli, akasoma miaka minne katika shule ya misheni, akafika hapa Élisabethville mwaka 1925 akiwa fundi mbao, na tarehe 4 Februari 1929 akaanza kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Bwana Lemmens, ambako herufi za mbao za kuchapia mabango, zilizotoka Ulaya zikiwa na vijiguu vyembamba kwenye ncha zake, zilipasuka kila kiangazi.

Mwaka 1934, nyumbani, kwa mbao zake za mulombwa, mti mgumu wa kwetu, alichonga herufi zake mwenyewe, nene, zisizo na vijiguu, ncha zake zimeviringwa kama kidole gumba, matundu yake mapana ili wino usiyazibe, na hata mtu aliyejifunza kusoma kwa katekisimu tu aliweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara, katikati ya vumbi. Zilitangaza mpira, sinema na sabuni, lakini kwa kadi za msiba alizikataa kabisa, akisema: «Muntu iko analia, usimupigie kelele.»

Alifunga ndoa na mama yetu, Germaine, tarehe 20 Agosti 1932, wakajaliwa watoto watatu, Edith, Alexis, ambaye sasa ndiye anayepanga herufi mahali pa baba, nami Constance.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1956, na alfajiri ya jana, Jumapili, tarehe 3 Agosti 1958, alifariki hospitalini, akiwa ameacha kazi moja ambayo haijachapwa, bango la zahanati ya mtaa wetu, ambako kuhara damu kumeshachukua watoto, lisemalo CHEMSHA MAJI YA KUNYWA, lenye A nne, na A alichonga nne tu.

Jana jioni Baba Mkubwa Musonda, kaka yake, akihofia kwamba marehemu asipopewa kazi yake atarudi kuitafuta kwa wajukuu, aliweka jenezani herufi saba za jina Kasonde, Alexis akatoka nje, na Bwalya, mtani wetu, akapaza sauti: «Zéphirin, sikia, banakupakiza muzigo! Unaenda kufungua duka kule?» Watu walicheka, Baba Mkubwa hakucheka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na unga, wenzake wa kiwandani waliombeba, nawe Baba Mkubwa, kwa herufi sita ulizomrudishia Alexis asubuhi hii, na ile A ambayo bado unayo, tunakuomba mbele ya watu hawa wote, kabla fundi Pierre hajapiga msumari wa kwanza, mpe mwanao Alexis, bango lichapwe kesho.

Baba, wewe pumzika kwa amani, sisi tunangoja ile A.