Dkt. Rosebella Nasimiyu, Aliyechunguza Seli Zinazopenya

Kwa niaba ya familia ya Mzee Khaemba wa Bondeni na jamaa wote wa Obura alikoolewa marehemu, mimi Nakhumicha, mdogo wake, nimepewa kuwasomea maisha yake, nanyi mnivumilie nikikwama.

Dkt. Rosebella Nasimiyu Khaemba alizaliwa tarehe 9 Januari 1986 hapa Nakuru, kiangazi kikiwa kimekaza, ndiyo sababu akaitwa Nasimiyu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Khaemba, aliyekuwa fundi wa reli. Alisoma shule ya msingi Bondeni, akaenda sekondari ya bweni Molo, akamaliza mwaka wa 2003, kisha akasomea biolojia chuo kikuu hadi uzamifu, aliohitimu mwaka wa 2014.

Tangu hapo alifundisha Njoro, na kazi yake ilikuwa kukata kidirisha kwenye ganda la yai la kuku na kutazama kifaranga kikijijenga, akitaka kujua ni nguvu gani inayofanya seli za kiumbe kichanga ziache mahali pake na kupenya tishu za jirani. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba seli haziendeshwi na kemikali peke yake, kwamba zikisongamana hubanana, zikibanana husukumana, na msukumo huo huzipeleka palipolegea. Tulimtania kwamba anasomea fujo za sokoni, naye hakucheka. "Bila kupenya huko hakuna moyo wala uti wa mgongo," alisema. "Kinachonitisha ni pale zinapokosa wa kuzizuia."

Tarehe 5 Desemba 2015 alifunga ndoa Naivasha na Naftaly Obura, fundi wa mitambo ya mvuke Olkaria, wakajaliwa Okoth mwaka wa 2016 na Awuor mwaka wa 2019, wote wawili kwa upasuaji.

Mimba ya tatu ilikuja bila shida, hadi Ijumaa ya tarehe 14 Machi mwaka huu wa 2025, alipokwenda kupigwa picha ya tumbo hapa mjini, akamwomba mpimaji arudishe mashine nyuma kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo kati ya kondo na kovu, mbona sioni mpaka?" Mpimaji akatoka kumwita daktari.

Jioni hiyo, jikoni, alimweleza mumewe kwamba katika kila mimba seli za kondo la nyuma hupenya ukuta wa tumbo la uzazi, ndiyo kazi yake, lakini juu ya kovu la upasuaji wa awali tabaka la kuzizuia halikuwepo, kwa hivyo zilikuwa zimeendelea tu, zikielekea kibofu. Naftaly, ambaye siku zake zote ni za kupima presha ya mabomba, aliuliza kama hakuna njia ya kuipunguza. "Hii haina valvu, Baba Okoth," alimjibu.

Miezi iliyofuata, mtoto alipokua kondo nalo lilikua, na kila alipocheza tumboni tulifurahi na kuogopa kwa pamoja, huku dada akisimama dirishani, kiganja chake kikikandamiza tumbo kama mtu anayeegemea mlango usifunguliwe.

Alilazwa tarehe 2 Juni, upasuaji ukapangwa kuwa tarehe 16, ila asubuhi ya Jumapili, tarehe 8, nikimchana nywele, alinishika mkono akasema, "Damu imeanza. Ita sista, usikimbie." Alipasuliwa, mtoto wa kike akatolewa akiwa hai, tumbo la uzazi likaondolewa, damu ikaongezwa tena na tena, lakini iliyovuja haikukubali kusimama, na jioni ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, dada yetu akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuketi siku mbili zile, wanafunzi wake waliopanga foleni kutoa damu, walimu wenzake wa Njoro, wafanyakazi wa Olkaria, na majirani wanaowalisha Okoth na Awuor hadi leo. Mtoto hajapewa jina, tangu jana anapumua mwenyewe, na baba yake husimama nyuma ya kioo akimtazama, bado hajaweza kumshika.

Sasa pumzika, Nasimiyu, na iwe kwa amani.